FATAKI SI SUALA LA UFUNDI



Katika vigango vyetu vinavyopakana na hifadhi za wanyama kuna mazungumzo ambayo Tume ya Haki na Amani haiwezi kuendelea kuyasikia na kunyamaza. Hufanyika baada ya Ibada ya Jumapili, chini ya mti, kati ya wanaume watu wazima na wenye heshima, baadhi yao wakiwa viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo. Wanazungumza juu ya gobore. Hawaulizani kama ni halali kuwa nalo. Hilo wamekwisha kulimaliza zamani mioyoni mwao. Wanaulizana juu ya fataki: ipi huwaka upesi, ipi haishindwi na unyevu wa masika, je, vichwa vya njiti za kiberiti vyatosha au heri kununua kwa yule bwana apitaye na mzigo wake usiku, na fundi yupi ajuaye kuifanya nyundo ipige sawasawa. Husema hayo kwa utulivu uleule ambao wangezungumzia nao mbegu za mahindi.

Mimi nasema kwamba swali hilo limepotoka tangu mwanzo wake. Hakuna fataki njema ya kuchagua kwa ajili ya gobore lililoshindiliwa nyumbani, na kiongozi wa walei anayekaa katika baraza la namna hiyo na kutoa ushauri anashiriki katika jambo litakaloishia kaburini au gerezani. Nasema pia, ili wakubwa nao wasikie, kwamba mkulima huyu hakuanza kuuliza swali hilo kwa ubaya wa moyo. Yupo aliyemsukuma hadi hapo, naye hajapata kusimamishwa mbele ya hakimu.

Niwaeleze kwanza jambo lenyewe, hasa akina mama, ambao mara nyingi hulala chini ya paa moja na chombo hiki pasipo mtu kuwaambia kilivyo. Gobore ni bunduki ya kushindiliwa. Haina risasi ya kisasa iliyofungwa ndani ya ganda lake. Kila kitu huingizwa kwa mdomo wa mtutu: baruti kwanza, kisha kizibo, kisha marisaa au goroli au vipande vya nondo, na vyote hugandamizwa kwa mdeki. Hadi hapo chombo kimelala. Kinachokiamsha ni fataki, yaani kile kitu kidogo kinachokaa mahali nyundo inapopigia, ili cheche yake ipenye na kuifikia baruti. Pasipo fataki, gobore ni bomba lenye kitako. Ndiyo maana mazungumzo ya chini ya mti huishia daima kwenye fataki. Wanaume wale wanajua wanachosema.

Lakini kuna jambo wasilolisema mbele ya wake zao. Bunduki ya kisasa hufunguliwa, risasi ikatolewa, mambo yakaisha. Gobore likisha kushindiliwa halitoki kwa urahisi namna hiyo. Njia nyepesi ya kulitoa ni kulipiga, na kulipiga kijijini ni kujitangaza kwa askari. Basi mwenyewe hulirudisha nyumbani likiwa limejaa. Huliweka darini, juu ya moshi wa jiko, ili baruti isipate unyevu, akalala usingizi. Kinachomtenga mtoto wake na kifo ni kipande kidogo cha kemikali ambacho kazi yake pekee duniani ni kuwaka kinapoguswa kwa nguvu. Vichwa vya viberiti vina klorati, nayo haichagui kati ya nyundo na kuanguka sakafuni. Mara nyingine fataki huwaka na baruti ikachelewa; mwenye gobore hudhani limekataa, huliinamia kutazama, na ndipo linapolia. Na mtutu wenyewe mara nyingi ni bomba la maji, au chuma kilichotolewa kwenye gari bovu. Bomba la maji lilitengenezwa kubeba maji. Nimewapaka mafuta ya wagonjwa watu ambao mkono wao ulibaki porini, na sitaki kueleza zaidi ya hapo.

Wapo wasemao kwamba gobore ni urithi wa babu zetu, na kwamba padre aliyesoma seminari hana haki ya kuudharau. Hoja hii hutolewa kwa majivuno makubwa, hivyo yafaa tuichunguze.

Fataki haikutoka kwa babu zetu. Mwanzo wake ni Uskoti, na tena, kwa aibu yetu sisi watu wa altare, aliyeibuni alikuwa mchungaji wa kanisa. Alexander Forsyth, mchungaji wa Kipresbiteri wa Belhelvie, alipenda kuwinda ndege wa majini. Bunduki za wakati ule zilikuwa za gumegume: jiwe lilipiga chuma, cheche ikaangukia baruti iliyowekwa nje, ukatokea mwako, kisha ndipo bunduki ikalia. Ndege waliuona mwako wakaruka kabla ya marisaa kuwafikia. Mchungaji akakasirika. Akatafuta unga ulipukao kwa kugongwa, wa namna ile ya chumvi ya zebaki iliyokuwa imeelezwa na mwanakemia Edward Howard mwaka 1800, na mwaka 1807 akapata hataza ya uvumbuzi wake. Katika miaka ya 1820 wengine wakaufanya unga huo ukae ndani ya kikofia kidogo cha shaba, na hicho ndicho babu wa fataki zote, pamoja na ile inayokaa katika kitako cha kila risasi ya kijeshi hadi leo. Mtu mmoja alitaka bata wasimwone. Sijui kama katika uzee wake, maana alifariki mwaka 1843, alipata kuuhesabu mzao wa kazi yake.

Je, magobore yaliingiaje kwetu? Yaliingia kupitia Unguja, Bagamoyo na bandari nyinginezo, yakapanda bara pamoja na misafara, na yalilipwa kwa pembe za ndovu na kwa watu. Mwaka 1888 konseli wa Uingereza huko Unguja alikadiria kwamba bunduki kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zikiingia katika sehemu hizi kila mwaka. Mirambo na rugaruga wake walizijua vizuri. Nyingi zilikuwa mabaki ya majeshi ya Ulaya, yaliyokuwa yakibadilisha silaha zake na kuuza za zamani kwa yeyote mwenye pembe.

Kisha mwaka 1890 mataifa makubwa yalitia sahihi mkataba huko Brussels, mkataba uliojitambulisha kuwa ni wa kukomesha biashara ya watumwa. Ndani yake zimo ibara zilizozuia kuingiza bunduki za kisasa na risasi zake katika sehemu kubwa ya Afrika, kuanzia latitudo ya 20 kaskazini hadi ya 22 kusini. Kilichoachwa kiuzwe kwa Mwafrika, nacho kwa masharti, ni bunduki ya gumegume yenye mtutu usio na mifuo, pamoja na baruti ya kawaida ya biashara. Tafakarini hilo. Wakubwa wa Ulaya waliketi mezani wakauliza ni silaha gani hafifu kiasi kwamba ikiwa mikononi mwa mtu mweusi haitawasumbua, wakaafikiana juu ya kaka wa gobore. Miaka 15 baadaye vita vya Maji Maji vilipoanza, vilivyodumu tangu 1905 hadi 1907, babu zetu walisimama na mikuki, mishale na magobore mbele ya bunduki za rashasha za Wajerumani. Tunajua yaliyofuata, nayo njaa baada yake.

Msomaji wa Maandiko atakumbuka Kitabu cha Kwanza cha Samweli, sura ya 13, jinsi Wafilisti walivyohakikisha hakuna mhunzi katika nchi yote ya Israeli, hata mtu akataka kunoa jembe lake ikambidi ateremke kwao. Ule ndio ulikuwa mkataba wa Brussels wa zama zile. Basi anayeniambia gobore ni heshima ya wahenga, namjibu kwamba ni makombo ya meza ya watu wengine, na sioni sababu ya kuyaabudu.

Wapo pia wasomi wetu, walimu wastaafu na vijana waliofika vyuo vikuu, ambao hunijia kwa hoja ya namna nyingine. "Padre, mbona Marekani watu hushindilia risasi majumbani mwao, tena kwa ruhusa ya sheria, na hakuna askofu anayewakemea?" Hoja hii si ya kijinga, nami sitaipita upesi.

Ni kweli. Huko Marekani mtu huokota maganda ya shaba ya risasi alizokwisha kupiga, akaisukuma nje fataki iliyoungua, akasafisha tundu lake, akapachika fataki mpya, akapima baruti kwa mizani na kuweka risasi juu yake. Wanaofanya hivyo ni wawindaji na walenga shabaha. Hubishana sana, tena kwa bidii, juu ya chombo cha kupachikia fataki: wengine hupenda kile cha kushikwa mkononi, kwa kuwa vidole husikia fataki inapofika mwisho wa tundu, wengine hupenda kilichofungwa mezani, au mkono uliomo katika mashine yenyewe, kwa ajili ya wepesi wa kazi. Msingi wa ubishi huo ni kipimo kidogo mno. Fataki inatakiwa kuzama chini ya usawa wa kitako cha ganda kwa elfu chache tu za inchi. Ikitokeza juu, bunduki yaweza kulia yenyewe inapofungwa, kabla mwenyewe hajaielekeza popote; isipofika chini, pigo la kwanza laweza kupotea bure. Hata kwa chombo hicho cha kisasa, na kwa fataki iliyotoka kiwandani ikiwa na kipimo kimoja na wenzake wote, wanaonywa wavae miwani ya kukinga macho, wasikusanye fataki ndani ya chupa kwa kuwa chupa hiyo ni bomu, na waziache katika kisanduku chake hadi dakika ya kuzitumia.

Sasa mzee wangu, unaona unachokifananisha? Yule ana kipimo cha elfu ya inchi. Wewe una msumari na kiberiti. Kama mwenye vyombo vyote hivyo anatetemeka, ujasiri wako unatoka wapi? Tena usiniletee Marekani kana kwamba ni kielelezo cha amani. Mwaka 2021 peke yake, watu 48,830 walikufa huko kwa bunduki, na zaidi ya nusu yao walijiua wenyewe. Nchi inayozika watu wake kwa idadi hiyo haina la kuwafundisha wakulima wa Katavi na Rukwa juu ya usalama wa nyumba.

Naja sasa kwenye hoja iliyo nzito kuliko zote, ambayo siwezi kuijibu kwa kejeli. Mkulima asema: "Padre, hayo yote nimeyasikia. Lakini jana usiku nguruwe pori wamemaliza nusu ekari ya mihogo yangu. Mwezi uliopita tembo walipita katika mahindi. Watoto wangu watakula hataza ya yule mchungaji?"

Ana haki ya kuuliza. Na hapa nawageukia wale wanaopenda kuwaita watu wetu majangili kwa jumla.

Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 inatamka kwamba wanyama wote ni mali ya umma, nao wamewekwa mikononi mwa Rais kama mdhamini. Vema. Basi wanyama wana mwenyewe. Torati ya Musa, katika Kitabu cha Kutoka, sura ya 22, yamwagiza mtu ambaye mnyama wake amekula katika shamba la mwenzake alipe kutoka katika sehemu bora ya shamba lake mwenyewe. Sura ya 21 yaenda mbali zaidi: mwenye ng'ombe aliyejulikana kuwa na tabia ya kupiga watu pembe, akaonywa, asimfunge, naye ng'ombe akaua mtu, mwenyewe hubeba hatia ya damu. Musa hakusema mwenye shamba apewe pole.

Sisi twatoa pole. Kanuni za mwaka 2011 ziliita malipo hayo kifuta jasho na kifuta machozi, na majina yenyewe yaeleza yote: si fidia, wala si haki, ni leso. Kwa ekari iliyoliwa ziliweka kati ya shilingi 25,000 na 100,000 kulingana na umbali wa shamba kutoka mpaka wa hifadhi, tena zisizidi ekari 5. Aliye karibu zaidi na hifadhi, ambaye ndiye anayeliwa zaidi, ndiye aliyewekewa kiwango kidogo zaidi. Uhai wa mtu aliyeuawa na mnyama uliwekewa shilingi milioni 1. Ongeza viwango upendavyo; neno likiendelea kuwa leso, litabaki leso. Na kanuni hizo zilihusu wanyama wakali kama tembo, kiboko na simba. Nyani na nguruwe pori, ambao kwa kaya nyingi ndio wanaoleta njaa, hazikuwagusa.

Mtu huyu huyu ndiye aliyevamiwa mwezi Oktoba 2013, wakati wa Operesheni Tokomeza. Lengo lilikuwa zuri: kukomesha ujangili. Kabla mwezi haujaisha, malalamiko ya watu kupigwa, kuteswa, mifugo kuuawa na raia kupoteza maisha yalikuwa yamefika Bungeni, operesheni ikasitishwa tarehe 1 Novemba, na tarehe 20 Desemba mawaziri 4 wakapoteza nafasi zao. Mawaziri kuondoka ni jambo kubwa katika siasa. Kwa mjane aliyebaki kijijini halikuongeza hata debe moja la unga.

Basi nakubali: mkulima ameonewa. Nakubali pia kwamba Kanisa hufundisha haki ya kujilinda, na kwamba baba wa familia ana wajibu wa kuwalinda walio chini yake. Lakini mafundisho hayo hayo hudai kipimo, na hudai kwamba dawa isizidi ugonjwa kwa ukali. Gobore linamlinda nani? Nguruwe pori hutembea usiku kwa makundi. Gobore hupiga mara moja, na kulishindilia upya gizani, kwa mikono inayotetemeka, huchukua muda ambao kundi zima lingekuwa limekwisha kuvuka mto. Tembo aliyejeruhiwa kwa vipande vya nondo hafi. Huondoka na kidonda na hasira, na anayekutana naye kesho yake ni mwanamke aliyekwenda kuchota maji. Hesabu hii haina kipengele cha ushindi kwa mwenye shamba.

Anayeshinda ni mwingine, nami namjua kwa sura, kama mnavyomjua ninyi. Huja na pikipiki. Huanza kwa kuleta fataki za kiwandani, zile nzuri, bure au kwa bei ya kirafiki, maana amesikia kwamba una shida na nguruwe. Baada ya msimu mmoja haleti tena kwa nguruwe. Nchi yetu ilikuwa na tembo wapatao 109,000 mwaka 2009. Sensa ya mwaka 2014 ilihesabu 43,330. Sisemi kwamba magobore ndiyo yaliyofanya kazi yote hiyo. Bunduki kubwa zilikuwapo, na fedha kubwa nyuma yake. Lakini walioingia gerezani, wengi wao walikuwa wabebaji na wapigaji kutoka vijiji kama vyetu, waliolipwa kiasi ambacho mnunuzi angekitumia kwa chakula cha mchana mmoja. Kupatikana na silaha isiyo na kibali huhesabiwa katika makosa ya uhujumu uchumi. Mwenye pikipiki hajawahi kupatikana na chochote, kwa sababu gobore lilikuwa lako, baruti ilikuwa yako, na ile fataki ilikuwa imekwisha kuungua.

Hivyo nasema tena kwamba swali la fataki ipi iliyo bora lina jibu moja, nalo mwenye pikipiki analijua: iliyo bora ni ile inayokufunga wewe kwake.

Nini kifanyike? Sina mpango mkubwa wa kuwapa, bali mambo machache ambayo Tume inayadai, na sitaki yageuzwe kuwa hotuba.

Kwa mafundi chuma walio waumini wetu: Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 haimruhusu mtu asiye na kibali kutengeneza silaha wala risasi. Lakini hata isingekuwapo, fundi Mkristo anayetoboa bomba na kulichongea nyundo, kisha akaja kupokea Komunyo Takatifu, ajiulize anapokea nini. Isiwe kisingizio kwamba mteja ndiye atakayejua matumizi. Aliye na uwezo wa kurekebisha gobore ana uwezo wa kutengeneza mlango wa chuma, jembe la kukokotwa na ng'ombe, au pampu ya mkono. Parokia zinahitaji vitu hivyo. Halmashauri za Walei ziwape mafundi hawa kazi badala ya kununua mjini.

Kwa walio na magobore: serikali hutangaza mara kwa mara vipindi vya msamaha, ambapo anayesalimisha silaha kwa hiari haulizwi maswali. Kipindi kikitangazwa, itumieni nafasi hiyo kabla haijapita. Kabla hakijatangazwa, wasilianeni na Tume, ili mwanasheria au msaidizi wa kisheria awaongoze namna ya kufikisha jambo hilo polisi pasipo mtu kuonewa. Msiniletee mimi. Nyumba ya mapadre si ghala la silaha, na gobore lililojaa halibebwi juu ya baiskeli kuja parokiani. Katika Kitubio mtu yu huru kusema yote, na siri yake ni siri. Lakini nia thabiti ya kuacha haikai darini pamoja na baruti kavu.

Kwa wanawake wa WAWATA: ninyi ndio mnaojua kilichomo darini kuliko mwenyekiti wa kijiji. Sisemi mwende polisi kuwashtaki waume zenu. Nasema mlizungumze ndani ya jumuiya, kwa sauti, kama mnavyozungumza juu ya ulevi. Mwanamume aliyezoea kusifiwa kwa ushujaa chini ya mti hajazoea kuulizwa na mama wa watoto wake kwa nini watoto wanalala chini ya kitu kinacholipuka.

Kwa ulinzi wa mashamba kuna njia ambazo si za ndoto. Kamba zilizopakwa pilipili na oili chafu zimetumika katika vijiji vingi vya Afrika Mashariki. Nchini Kenya, karibu na Tsavo, uzio wa mizinga ya nyuki umewarudisha nyuma tembo walio wengi kati ya waliokaribia mashamba, na mwenye shamba akavuna asali pia. Ni kweli kwamba nguruwe pori hawaogopi nyuki kama tembo wanavyowaogopa. Kwao hakuna njia isiyo na jasho, ni kulinda kwa zamu, mashamba yakipakana, kwa tochi zenye mwanga mkali na kelele. Ulinzi wa zamu ni kazi ya jumuiya, na jumuiya tunazo. Tumezitumia kwa michango ya ujenzi. Tuzitumie kwa mahindi.

Na kwa wenye mamlaka: msituombe tuwahubirie watu kusalimisha magobore huku ofisi ya wanyamapori ikiwa umbali wa safari ya siku nzima, askari wakiitwa usiku na kufika baada ya siku tatu, na madai ya kifuta jasho yakikaa mezani msimu baada ya msimu. Tutahubiri, kwa kuwa uhai wa waumini wetu hauwangojei ninyi. Lakini tutahubiri pia sura ya 22 ya Kitabu cha Kutoka, kwa sauti ileile.

Jambo la mwisho ni la karatasi, na limewapotezea wengi haki yao. Shamba likiliwa, msilisafishe wala kupanda upya kabla halijaonwa. Mpeni taarifa mtendaji wa kijiji siku ileile, kwa maandishi, mbaki na nakala yenye mhuri. Mwombeni afisa ugani apime eneo lililoharibiwa, na taarifa ifike kwa afisa wanyamapori wa wilaya. Kila kigango kifungue daftari lenye jina la mkulima, tarehe, mnyama, ukubwa wa eneo, na siku madai yalipopelekwa, wakiwamo wale walioliwa na nyani na nguruwe pori, hata kama kanuni haziwatambui. Makatibu wa vigango waje na madaftari hayo katika kikao kijacho cha Halmashauri ya Walei, ili Tume iyapeleke kwa mkuu wa wilaya yakiwa pamoja.